Kitufe Chini ya Maua

Ofisini walimwita Kibodi, na jina hilo alilipata kwa haki yake. Miaka yote aliyokaa pale akiandika programu za tovuti kwa lugha ya JavaScript, hakuna aliyewahi kumwona ameshika kipanya kwa hiari. Kipanya alichopewa siku ya kwanza alikitia kwenye droo pamoja na vijiko vya chai, na huko kikakaa kimejizungushia mkia, hakuna wa kukijulia hali. Yeye kila kitu alikifanya kwa vidole: kufungua, kufunga, kuhama dirisha moja kwenda jingine. Akikukuta umeshika kipanya alikutazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mzima anayefungwa kamba za viatu.

Na kazi aliyoajiriwa kuifanya, kama hukujua, ilikuwa kazi ya kipanya.

Wenzake walichora kurasa, wakapanga rangi na picha. Yeye ndiye aliyeamua nini kitokee kipanya kikipita juu ya kitu, kikitua, kikibofya, kikiondoka. Alisifika hasa kwa mahali penye msongamano, pale vitu vinapolaliana. Maana ukurasa wa tovuti wewe unauona kama karatasi, kumbe ni kitanda kilichotandikwa. Kuna godoro, kuna shuka, kuna blanketi, na ukibonyeza, anayekusikia kwanza ni wa juu. Tandaza juu ya kitufe tabaka moja lisiloonekana, basi mtu atabofya mpaka kidole kiote sugu, na kitufe hakitakuwa na habari. Mfano huo wa kitanda ulimjia kirahisi kwa kuwa ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na mchana kutwa harufu ya sponji mpya iliwapandia kwa ngazi.

Nyumbani aliishi na mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, ameshona nguo za nusu ya mtaa, na sasa macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Dunia yake ilibaki ukungu mtupu. Watu aliwatambua kwa mwendo na kwa kukohoa. Cherehani ilikuwa bado iko pembeni ya dirisha, imefunikwa kitambaa, naye alikataa katakata isihamishwe.

"Nikirudi kuona nitaihitaji," alisema, kama mtu aliyekwenda safari fupi.

Daktari alikuwa ameshasema: dawa yake ni upasuaji, tena mdogo, ila asicheleweshwe sana. Kliniki ya macho ya mjini ilipokea madaktari wageni mara moja kwa mwaka, wakapasua bure kwa muda wa wiki, nafasi chache na watu tele. Mwaka uliotangulia nafasi ziligawiwa getini, watu wakasukumana hadi mzee mmoja akavunjika mkono. Mwaka huu kliniki ikaamua mambo yaende kistaarabu, nafasi zichukuliwe kwenye tovuti. Na tovuti yenyewe ikapewa, kati ya ofisi zote za mji, ile iliyo juu ya duka la magodoro.

"Si umwingize tu mama kwa huko nyuma?" dada yake alimuuliza. Dada huyu, mkubwa wake, ameolewa mtaa wa pili, naye alikuwa na mgonjwa wake: mama mkwe wake, macho yaleyale, ukungu uleule. "Funguo si unazo wewe?"

"Funguo za kazi si za nyumbani, dada. Mama atapanga foleni kama watu."

Alilisema hilo kifua mbele. Alijipenda kidogo wakati ule, na tumwachie, maana hakupata nafasi ya kujipenda tena kwa muda mrefu.

Mkurugenzi wao alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuuona ukurasa umetulia. Lazima kitu kitembee. Duka la viatu alilitilia viatu vinavyopiga hatua. Mwenye kampuni ya mazishi alinusurika kuwekewa mishumaa inayocheza, kwa sababu tu aliwahi kufika ofisini mwenyewe. Sasa nembo ya kliniki ilikuwa ua jekundu. Mkurugenzi akaliona ua, uso ukamchanua.

"Maua yadondoke," akasema. "Taratibu, ukurasa mzima, kutoka juu mpaka chini. Na mtu akiligusa ua kwa kipanya, lipasuke, litawanyike. Wazee wanapenda maua."

"Bosi, hawa ni watu wasioona vizuri."

"Ndiyo maana yawe makubwa."

Basi yakawa makubwa. Kwenye simu yalifanya kila kitu kigande, kwa hiyo huko yakaondolewa. Kwenye kompyuta yakabaki, yamekaa kwenye tabaka kama kioo lililofunika ukurasa wote, na chini ya kioo hicho, katikati, kitufe cheupe kilichoandikwa Chukua Nafasi. Ukikibofya, kinageuka kijani na kukuambia nafasi ni yako. Ukikibofya mara ya pili, umeiachia, apate mwingine. Kliniki ndiyo iliyotaka iwe hivyo, kwa ajili ya watu wanaobadili mawazo.

Hapo Kibodi akapata kazi ya kumfaa. Kioo kikiusikia mbofyo, kitufe hakiusikii. Kioo kikiupitisha, maua hayapasuki. Kwanza alimweka mjumbe, yaani kipande cha programu ambacho kazi yake ni kuuliza: hapa mtu alipobofya, chini ya kioo kuna nini? Kama kuna kitufe, mjumbe mwenyewe anakibofya kwa niaba ya mtu. Ikafanya kazi, ila maua mengine yalichelewa kupasuka na Mkurugenzi akanuna. Kibodi akabadili mbinu. Akakiamuru kioo kisizuie kipanya hata kidogo, mbofyo upite moja kwa moja hadi kwenye kitufe, kisha habari zake zipande, kama zipandavyo habari zote za ukurasa, tabaka kwa tabaka mpaka kileleni, na huko juu ndiko maua yasikilizie. Mbinu safi, hata wewe ungempongeza. Alijipongeza mwenyewe, akaenda kunywa chai.

Tatizo ni kwamba maua alipoyahamishia kileleni aliyahamisha na mizigo yao yote, na ndani ya mizigo alikuwemo yule mjumbe, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake imekwisha. Sasa mtu akibofya kwa kipanya, kitufe kinasikia na nafasi inakuwa yake. Habari inapanda. Mjumbe anazinduka, anaona chini pale kuna kitufe, anakibofya kwa uaminifu wote, na nafasi inaachiwa. Hayo yote kufumba na kufumbua, huku ua likipasuka kwa madaha.

Alijaribu kabla ya kukabidhi? Alijaribu sana. Maua aliyajaribu kwa kipanya cha kuazima, akibofya pembeni palipo wazi, yakapasuka vizuri. Kitufe alikijaribu kwa kibodi, tena na tena, kikashika vizuri, maana mjumbe aliamshwa na kipanya tu. Kukibofya kitufe kwa kipanya, jambo ambalo kila binadamu mwingine angeanza nalo, halikumpita akilini.

Siku ya kufunguliwa alikaa mezani kwake kama mwananchi wa kawaida. Akajaza habari za mama, akangoja, ukurasa ulipofunguka akabonyeza kwa kidole kimoja. Nafasi ni yako. Akampigia simu.

"Umepata, mama."

Kule upande wa pili akamsikia mama akicheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyekuwa amejizuia. Mchana jirani alimkuta ameivua cherehani kitambaa chake, anaipapasa gurudumu.

Nafasi zilijaa siku hiyohiyo. Wenye simu nzuri walizichukua, kwa kuwa simu hazikuwa na maua. Mkurugenzi alishinda anatazama takwimu za kompyuta na kusugua viganja. Watu walikuwa wanabofya bila kuchoka, mtu mmoja anabofya kitufe kilekile kupita kiasi, hawaondoki ukurasani.

"Unaona?" akasema. "Maua hayo."

Msichana wa mapokezi alikuja mara mbili tatu kusema kuna watu wanapiga simu, wanadai walipata nafasi kisha wakanyang'anywa palepale. Mkurugenzi akatabasamu. "Wazee na kompyuta, unawajua mwenyewe." Ofisi nzima ikacheka. Kibodi naye alicheka, na si kwa adabu tu. Ilimchekesha kweli.

Mwisho wa juma dada alikuja kumpongeza mama, ameongozana na mama mkwe wake. Wale wazee wawili waliketi kwenye kochi moja wakashikana mikono, kwa kuwa kila mmoja alikuwa haoni vizuri mwenzake yuko wapi.

"Sisi tumekosa," dada akasema. "Simu yangu kioo kimepasuka, nikaenda naye duka la intaneti. Nabofya, inakuja kijani, inasema nafasi ni yako, kabla sijamaliza kusoma imeshatoka. Nabofya tena, vilevile. Mwenye duka akaniambia nina mkosi."

"Lakini maua niliyaona," mama mkwe akadakia. Alikuwa mtu mchangamfu, wa kucheka hata kwenye foleni. "Mwanangu, hayo maua ni wewe uliyeyatengeneza? Katika skrini nzima ndicho kitu pekee nilichokiona. Mekundu, yanapasuka pu, pu. Nikamwambia mkwe wangu bofya, bofya tena. Mimi nilidhani kila likipasuka ndiyo tunapata."

Mama akampigapiga mkono. "Usijali. Mimi nikitoka nitakusimulia wanavyofanya, usije ukaogopa mwakani."

Kibodi aliomba radhi, akaingia chumbani na kompyuta yake ya mapajani. Alifungua nakala ya ukurasa, akasogeza kishale kwa ile pedi ya kugusa, ambayo hakuwa ameigusa tangu ainunue, akabofya kitufe. Kijani. Halafu si kijani. Ua likapasuka pembeni yake, zuri kweli. Akabofya tena. Sebuleni mama mkwe wa dada alikuwa anacheka jambo fulani, na Kibodi akaona aibu inampanda mpaka masikioni.

Siku ya kazi iliyofuata alimfuata Mkurugenzi, akamweleza. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama akafunga mlango.

"Nafasi zimejaa?"

"Zimejaa."

"Kliniki imelalamika?"

"Hawajui."

"Basi usiguse. Waliokosa watapata mwakani, na mwakani mjumbe wako hatakuwepo. Kwani ni nani aliyeumia hapo?"

Kibodi alikuwa na jibu, lakini jibu lenyewe lilikuwa linacheka kwenye kochi la mama yake na asingeweza kulileta ofisini. Akaondoka na ruhusa ya kunyamaza, kitu ambacho wengi wetu tungekikunja vizuri tukakitia mfukoni.

Akamwambia mama. Alimweleza taratibu, bila maneno ya kazini: watu wa kipanya walipewa na kunyang'anywa, wewe ulipata kwa sababu mimi natumia vidole.

"Ukiwaambia kliniki itakuwaje?" mama akauliza.

"Watazifuta zote. Waanze upya."

"Na yangu?"

"Na yako, mama."

Mama wa kwenye vitabu hapa angenyanyua kichwa na kusema haki itendeke. Mama huyu alikuwa mshonaji asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano, na alitaka kuona.

"Aliyeharibu ni nani?"

"Mimi."

"Halafu nilipe mimi." Hakuwa amepandisha sauti. "Nyamaza, baba. Nyamaza mpaka nitoke mle ndani. Nikishatoka kaseme utakavyo, hata redioni."

"Na yule bibi, mama mkwe wa dada, je?"

 Mama akawa anakunja na kukunjua pindo la nguo yake, pindo alilolishona mwenyewe zamani, mishono imenyooka.

"Utapata tena," Kibodi akasema. "Ukurasa ni wangu, mama. Nitakuwa mbele ya mashine kabla hawajafungua. Nani atanitangulia? Naapa utapata."

"Haya," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayemkabidhi fundi kitambaa cha mwisho alichonacho.

Muuguzi mkuu wa kliniki alimtaka Kibodi aeleze mara mbili. "Kwa hiyo waliziachia wenyewe bila kujua?" akauliza, na Kibodi akasema hawakuziachia, waliachishwa. Muuguzi akavua miwani, akaifuta, akatangaza nafasi zote zimefutwa na zitafunguliwa upya kabla ya juma kwisha, wote waanze sawa. Mkurugenzi alivimba siku nzima. Kesho yake alikuwa ameshazoea, akatoa tangazo kuhusu awamu iliyoboreshwa. Maua akasema yabaki.

Mjumbe alifutwa. Ilikuwa mistari michache tu, ukishaifuta hakuna anayejua iliwahi kuwepo. Kibodi alitoa kipanya chake kwenye droo, akakipangusa, akakibofya kitufe kwa mkono wake, mara nyingi, kwenye kila kompyuta ya ofisi, mpaka watu wakamwuliza kama anaumwa. Kila mara kitufe kiligeuka kijani na kikabaki kijani.

Asubuhi ya awamu ya pili alifika wa kwanza. Alifungua madirisha mawili kwenye skrini. La kulia lilikuwa na habari za mama, zimeshajazwa, bado kitufe tu. La kushoto lilikuwa la fundi: humo kila mbofyo wa kila mtu ulionekana ukiingia, umetoka simu au kompyuta, umechukua au umeachia. Alitaka kuona watu wa kwanza wakiingia salama, basi, halafu abonyeze. Sekunde chache tu.

Ukurasa ukafunguka. Mbofyo wa kwanza ukaingia, wa kipanya. Umechukua. Akangoja mwingine uje kuufuta, haukuja. Ukaingia wa pili, nao ukakaa. Kompyuta za maduka ya intaneti zilikuwa zinaingia moja moja, kila mbofyo unakwenda kunakohusika na kutulia hapo, hakuna kinachorudiwa, hakuna kinachodandia. Akaliona jina la mama mkwe wa dada. Limechukua. Akajikuta analinong'oneza lisitoke, likae hapohapo, nalo likakaa. Machozi yakamlengalenga. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutengeneza kitu kikaenda sawa namna ile, watu hawa wote hawajuani, kila mmoja na kidole chake, na kila kidole kinasikika. Akawa anatabasamu peke yake kama mtu anayetazama mvua ikilinyeshea shamba lake. Akasogea karibu na skrini ili asipitwe.

Halafu mibofyo ikakoma.

Alidhani mtandao umekatika. Akatazama vizuri. Mtandao ulikuwa mzima. Nafasi ndizo zilizokwisha.

Dirisha la kulia lilikuwa palepale, jina la mama limeandikwa lote bila kosa, na kitufe kimegeuka kijivu. Alibonyeza kwa kidole. Akabonyeza tena. Kisha akashika kipanya akabofya kwa kipanya, na ua likapasuka vizuri, kama alivyoliagiza.

Hakumpigia mama simu. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, mchana mweupe. Mama alikuwa ameketi mezani na chai yake, na kwa mwendo tu alishajua.

"Ilikataa?" akauliza.

"Haikukataa. Imefanya kazi vizuri, mama. Kila aliyebofya amesikika. Yule bibi amepata."

"Alhamdu, masikini. Na wewe ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema mtandao. Mama asingejua tofauti.

"Nilikuwa pale pale. Nilikuwa nawaangalia wanavyoingia."

"Ukanisahau."

"Ilikuwa muda kidogo tu, mama."

"Ndiyo," mama akasema. "Huo muda kidogo ndio uliokuwa wangu."

Hakulia, wala hakumgombeza. Alinyoosha mkono kutafuta kikombe. Mkono ukapita pembeni yake, ukatua mezani, ukaanza kupapasa. Kibodi akakisukuma kikombe polepole, bila kukikwaruza, mpaka kikagusa vidole vyake, na mama akakishika kama aliyekipata mwenyewe.